Tundu la Chiriku: Historia Ndogo Yenye Mafunzo kwa Familia



Ndugu wazazi, msimu wa mvua uliopita jirani yetu mmoja aliingiza jiko la makaa katika chumba walicholala watoto ili wapate joto. Ukutani lilitundikwa tundu la chiriku wawili wa mwanawe. Usiku mama alisikia ndege wakipapatika. Alipotazama, mmoja alikuwa ameanguka sakafuni mwa tundu. Aliwaamsha watoto, nao wakalalamika kuumwa kichwa. Akafungua mlango na madirisha, akalitoa jiko nje. Watoto walipona, alhamdulillah, lakini ndege yule alikufa. Asubuhi mtoto alikuja madrasa analia, akatuuliza: "Mwalimu, sisi ndio tumemuua?"

Swali hilo lina historia ndefu, na tumeona tuisimulie.

Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, imepokewa habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.). Alikuwa na kindege akicheza nacho. Mtume (S.A.W.) alipokuwa akiwatembelea, alimtania mtoto huyo kwa kumwita kwa kuniya yake na kumuuliza habari za kindege chake. Mwanachuoni Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kijitabu kizima juu ya hadithi hii moja, akatoa humo mafunzo 60. Miongoni mwa yaliyotolewa na wanazuoni ni ruhusa ya kufuga ndege tunduni, kwa sharti kwamba alishwe, anyweshwe, wala asiteswe. Nasi sote tunaikumbuka habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Basi tundu ni amana kabla ya kuwa pambo.

Sasa tutazame Ulaya. Kanari ni jamaa wa chiriku wetu, na asili yake ni visiwa vya Kanari, Madeira na Azori. Wahispania walipoviteka visiwa vya Kanari katika karne ya 15, ndege huyu alipelekwa Ulaya na kupendwa kwa sauti yake. Katika karne ya 19, familia za wachimba madini wa milima ya Harz, Ujerumani, hasa mji wa Sankt Andreasberg, zilifuga kanari na kuchonga vitundu vidogo vya mbao. Vilikuwa vidogo ili vingi vibebwe mgongoni kwa mpigo mmoja, na ndege hao waliuzwa hadi New York. Tundu lile lilipimwa kwa faida ya mchuuzi, si kwa mbawa za ndege.

Mwaka 1896 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, Wales, uliua watu 57. Mtaalamu John Scott Haldane alichunguza maiti akagundua kuwa wengi hawakuuawa na moto bali na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Akashauri wachimbaji wachukue panya au ndege wadogo, kwa kuwa hao huzidiwa mapema kuliko mtu. Kanari wakafanya kazi hiyo katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986, vilipotangazwa vyombo vya kupima hewa kuchukua nafasi yao. Kuna tundu moja la wakati huo lililohifadhiwa Manchester: juu yake lina chupa ya oksijeni. Ndege akizimia, mlango unafungwa na hewa inafunguliwa ili azinduke. Hata aliyetumwa hatarini alifikiriwa namna ya kuokolewa.

Hewa hiyo ya migodini ndiyo hutoka katika jiko letu la makaa. Kwa hiyo anayechagua tundu achague pia mahali pa kulitundika: pasiwe jikoni, wala penye moshi, wala palipo na jua kali mchana kutwa. Umbo liwe refu kwa ubavu kuliko kwenda juu, kwani chiriku huruka kutoka upande hadi upande. Kwa jozi moja lisipungue sentimita 75; likizidi ni bora. Tundu la duara linapendeza macho tu. Nafasi kati ya nyaya isizidi sentimita moja, vijiti vya kutulia viwe vya unene tofauti, na waya usiwe na kutu wala rangi inayobanduka.

Yule mtoto tulimjibu: "Hamkukusudia. Lakini sasa mmejua, na anayejua huulizwa." Chiriku aliyebaki amehamishiwa barazani, katika tundu pana alilotengeneza baba yake. Na jiko, ndugu zetu, hulala nje.

Wabillahi tawfiq.