Nairobi City Thunder: Msimu wa Kwanza BAL, na Maana Yake kwa Isiolo

Kati ya tarehe 17 na 25 Mei 2025, katika ukumbi wa BK Arena mjini Kigali, Nairobi City Thunder ilicheza mechi sita dhidi ya APR ya Rwanda, Al Ahli Tripoli ya Libya na MBB ya Afrika Kusini, kila mpinzani mara mbili. Ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda, na haikuwemo katika timu nane zilizokwenda Pretoria mwezi Juni, ambako Al Ahli Tripoli ilitwaa ubingwa. Anayesoma jedwali peke yake haoni cha kuadhimisha. Lakini hiyo ndiyo klabu ya kwanza ya Kenya kufika katika Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoundwa na NBA pamoja na FIBA na kuanza kuchezwa mwaka 2021. Rwanda ilikuwemo tangu msimu wa kwanza, na Uganda iliingia mwaka 2023 kupitia City Oilers. Kenya ilichelewa, na sababu ya kuchelewa ndiyo inayoupa msimu huu uzito. Nashikilia kwamba jambo kubwa lililobadilika ni mwenye timu, na kwamba badiliko hilo linauhusu mji wa Isiolo kuliko linavyoihusu Nairobi yenyewe.

Mpira wa kikapu wa Kenya ulilelewa na waajiri. Mombasa timu ni ya Mamlaka ya Bandari, KPA; Ulinzi Warriors ni ya jeshi; Equity ni ya benki; na Strathmore na USIU ni vyuo vikuu. Malezi hayo hayakuwa mabaya hata kidogo. Mchezaji alipata kazi, mshahara wa mwisho wa mwezi, na mahali pa kurudi goti likimsaliti. Mwaka 1993, Kenya ilipoandaa AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, jijini Nairobi, timu ya taifa ilimaliza ya nne. Kisha likaja pengo la miaka 28. Ilipofika Februari 2021 mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alifunga kikapu cha dakika ya mwisho kabisa, Kenya ikaishinda Angola 74 kwa 73, na Morans, yaani timu ya taifa, chini ya kocha Liz Mills wakarudi AfroBasket. Ongwae alikuwa amejijengea jina akicheza Denmark. Timu ya taifa ilikuwa imeinuliwa na mchezaji ambaye ligi ya nyumbani haikuwa na namna ya kumlipa. Mwajiri hununua mipira na jezi, naam, lakini kazi yake halisi ni meli, mikopo au ulinzi wa mipaka. Bajeti ikibana, timu huwa ya kwanza kukatwa, na hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa timu haikuwa biashara yake tangu mwanzo. Thunder ilikwenda njia nyingine. Kampuni ya Twende Sports iliichukua mwaka 2023. Klabu ikawa bingwa wa Kenya mwaka 2024, ikampata kocha Brad Ibs, ikapita mchujo wa BAL nyumbani Nairobi mwishoni mwa mwaka huo, na kumleta Ongwae kucheza kando ya nahodha Griffin Ligare. Haina bandari wala benki ya kuiegemea. Isipojaza viti na kupata wadhamini, imekufa.

Mtu atauliza: mbona Ufilipino, nchi inayoupenda mchezo huu kuliko karibu zote, ligi yake ya kulipwa ni ya makampuni? Ni kweli. Ligi hiyo, PBA, ilianza mwaka 1975, na timu zake hadi leo hubeba majina ya kampuni, San Miguel ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Ila kule kampuni inaweka timu ili iuze bidhaa kwa watazamaji, kwa hiyo mtazamaji ndiye bwana. Tena mwaka 2017 Manny Pacquiao, bondia, alianzisha MPBL, ligi ambayo timu zake ni za miji na mikoa, kwa sababu mtu wa mkoani alitaka timu yenye jina la kwao. Kiu hiyo ya kuona jina la kwao juu ya jezi ndiyo ninayoiona ikikosa chombo huku kaskazini.

Isiolo haina bandari, haina makao makuu ya benki. Mwajiri mkubwa mwenye desturi ya michezo ni jeshi: Chuo cha Askari wa Miguu kiko hapa, na kikosi cha vifaru cha 78 pia. Kwa hiyo pingamizi lenye nguvu ni kwamba kambi zinatosha. Hazitoshi, na si kwa kosa la jeshi. Askari huhamishwa, leo yuko Isiolo, mwakani yuko Lanet au Mombasa, na akiwa hodari huitwa Ulinzi Warriors. Mji haubaki na timu. Wanafunzi nao hucheza kikapu katika michezo ya shule ya muhula wa kwanza, wakimaliza kidato cha nne hukabiliwa na mambo mawili: kupanda basi kwenda Nairobi, au kuacha. Mtoto wa mtaa wa Bulla Pesa hapa Isiolo, awe Mborana, Mturkana, Msomali, Msamburu au Mmeru, hana jezi ya mtu mzima ya kuitamani katika mji wake mwenyewe, na ninaamini mji wenye makabila mengi kiasi hiki unaihitaji jezi moja kuliko miji mingi.

Pingamizi la fedha silipuuzi. Thunder ina wawekezaji na jiji la mamilioni ya watu. Kaunti nzima ya Isiolo ilihesabiwa watu 268,002 mwaka 2019. Wengine hutaja Sudan Kusini, iliyofika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 na kuifunga Puerto Rico, kama ushahidi kwamba viwanja si lazima. Mfano huo unanitia hofu: timu ile ilijengwa na vijana waliokulia ughaibuni, na Isiolo haina ughaibuni wa aina hiyo. Hapa lazima kuanzia chini, na klabu ya wanachama, wafanyabiashara wa mjini na shule haihitaji fedha za BAL ili isajiliwe. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inaruhusu klabu kujiandikisha kwa Msajili wa Michezo, na Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la michezo na viwanja vyake. Ombi langu kwa serikali ya kaunti ni uwanja mmoja wa kikapu wenye taa, ndani ya mji, ulio wazi jioni kwa vijana waliokwishamaliza shule.