Kukaa na laptop mgahawani kutwa nzima: utaratibu wa Kilwa na Lindi

Wadau, siku hizi si ajabu kumuona mtu anashuka kwenye basi pale Nangurukuru na laptop mgongoni. Kazi zake anafanyia popote penye mtandao. Hoteli za watalii anaziona ghali, kwa hiyo anaishia mgahawani. Taratibu za mgahawa wa pwani hazijabandikwa ukutani, na hapo ndipo anapokosea.

Kwanza, kijiwe cha kahawa si ofisi. Yale mabenchi ya Kivinje au Lindi mjini, dele juu ya mkaa, vikombe vidogo na kashata, ni baraza. Watu wamekuja kuongea mpira, siasa na bei ya korosho. Ukifungua mashine pale wazee wananyamaza, wanahisi unawaandika. Salimia, kunywa vikombe vyako, lipa, sikiliza. Kazi kafanyie kwingine.

Kwenye mgahawa wenye meza na umeme, omba kabla hujachomeka: "Shikamoo mama, naomba kuchaji." LUKU kanunua yeye. Lakini tusidanganyane, umeme si hasara kubwa. Chaja ya wati 65 kwa saa nane inakula kama nusu uniti. Hata uniti ukiihesabu shilingi 400, hiyo ni shilingi 200 tu.

Kinachomuumiza ni kiti. Saa saba mchana umekalia meza ya watu wanne peke yako, na chai moja ya tangu saa tatu asubuhi. Wanakuja wanne wanataka wali wa nazi na samaki, wanachungulia, wanavuka kwa jirani. Wali ukishapikwa ndio umepikwa, hauwezi kusubiri kesho. Na mama hatakwambia uondoke, ni aibu kumfukuza mgeni. Atakuja kufuta meza. Atafuta tena. Mimi nilifutiwa mara tatu pale Masoko nikawa nasifia usafi!

Kwa hiyo kula hapohapo, usilete chipsi za nje. Kuanzia saa sita hadi saa nane funga mashine, au hamia benchi la pembeni. Baada ya hapo rudi, agiza kitu kingine, hakuna atakayekununia. Ukishazoeleka utatunziwa hata begi ukienda msikitini. Ijumaa mchana wengi wanafunga, usibaki umeng'ang'ania mlangoni. Mwezi wa Ramadhani mchana usitegemee kuhudumiwa. Ukiruhusiwa kukaa kivulini, usitoe chupa yako ya maji mbele za watu.

Simu ya video? Toka nje jamani. Sisi wengine hatuna haja ya kumsikia bosi wako.

Umeme au mtandao ukikata usimgombeze mwenye mgahawa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar–Lindi huko Kilwa, na tarehe 12 mwezi huohuo mikongo ya intaneti ya baharini ikapata hitilafu, nchi nzima mtandao ukasuasua. Mama ntilie angefanya nini? Kama una kazi ya kutuma leo, itume asubuhi, na uwe na laini mbili za mitandao tofauti. Laini ya pili ni bei ya sahani moja ya wali, au chini yake.