Binti wa Kinukamori: Sehemu ya Kwanza

Msomaji wangu, kaa vizuri. Leo nakupeleka Marangu, kwenye barabara ile ya wapanda Mlima Kilimanjaro.

Lakini usiwafuate wao. Wao wanapanda, sisi tunateremka mtoni.

Unasikia ngurumo hiyo? Huo ni Mto Unna. Unapita kwenye migomba kwa utulivu kabisa, kisha ardhi inakatika ghafla na maji yanaporomoka mita kama 15. Hapo ndipo Kinukamori. Wageni hupiga picha, wakaenda zao.

Wangapi huuliza habari za Makinuka?

Wenyeji husimulia kwamba Makinuka alikuwa binti wa Kichaga, hajaolewa. Siku moja akajigundua ana mimba.

Unadhani ilikuwa aibu tu? Laiti! Simulizi inasema enzi hizo binti aliyeshika mimba kabla ya ndoa hukumu yake ilikuwa moja: kifo.

Na aliyempa mimba je? Masimulizi niliyoyapata mimi hayamtaji hata jina. Hilo linaniuma kila nikiisimulia habari hii.

Basi Makinuka akaona asingoje hukumu ya watu. Akaondoka nyumbani peke yake, akashika njia ya mtoni.

Huyo, amefika ukingoni. Manyunyu yanamlowesha uso. Imebaki hatua moja.

Aliruka?

Ngoja kwanza, usinikimbize!

Wachaga wana jani lao, isale. Ukimpelekea uliyemkosea, ni vigumu mno akunyime msamaha. Je, jani hilo lilimjia akilini pale ukingoni? Au mtoto alicheza tumboni? Au alimkumbuka mama yake?

Mimi nataka kuamini yalimjia yote. Kwa sababu Makinuka aligeuka! Akayapa maporomoko kisogo, akaelekea nyumbani. Ameamua kuishi, yeye na mwanawe, na litakalokuwa na liwe.

Umeshusha pumzi? Umewahi mno.

Mbele yake, kwenye kijia kile kile alichojia, majani yametikisika. Upepo hakuna.

Chui!

Wametazamana jicho kwa jicho. Njia ya nyumbani ni hiyo moja, na mnyama amekaa katikati yake.

Makinuka amejaa hofu, hakumbuki tena aliposimama. Mimi na wewe tunakumbuka, lakini tutamwambiaje?

Chui amejikunja. Makinuka anapiga ukelele, anageuka kukimbia, mguu wa kwanza umeshanyanyuka...

Itaendelea wiki ijayo.