Kasulu na Kibondo: Nchi ya Waha Iliyotoa Watu na Kupokea Watu

Wengi wetu Visiwani tukisikia Kigoma, tunaikumbuka Ujiji, mji wa ziwani ulioishia njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Kwa njia hiyo wafanyabiashara wa pwani waliufikisha Uislamu na Kiswahili kwenye Ziwa Tanganyika. Lakini zaidi ya nusu ya watu wa mkoa huo wanaishi juu, kwenye nyanda za Waha, ambako miji mikubwa ni Kasulu na Kibondo.

Mahali ilipo

Kasulu iko kilomita 90 hivi kutoka Kigoma mjini. Ukiendelea kaskazini kwa barabara ya Nyakanazi unafika Kibondo. Magharibi ni mpaka wa Burundi; mashariki ardhi inateremka hadi mabonde yenye maji ya Moyowosi na mto Malagarasi. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na wakulima hupanda maharage, mahindi, mihogo na migomba. Mwaka 2012 wilaya hizi ziligawanywa: Buhigwe ikatoka Kasulu, na Kakonko ikatoka Kibondo.

Tawala za zamani

Buha haikuwa na mfalme mmoja. Heru ilikuwa upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, na Buyungu ndiyo Kakonko ya leo. Kila moja ilikuwa na Mwami wake. Ng'ombe ndio waliofunga ahadi baina ya mkubwa na mdogo: aliyepewa ng'ombe alimtumikia aliyempa, naye akapata ulinzi wake. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, Heru ilitawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare.

Watu waliotoka

Wajerumani walipoondolewa mwaka 1916, Wabelgiji waliishika Buha hadi 1921, kisha wakaikabidhi kwa Waingereza. Reli ilikwisha kufika Kigoma mwaka 1914, lakini nyanda za juu zilibaki mbali nayo. Katika miaka ya 1930 watu wengi walihamishwa kutoka mabondeni kwa sababu ya malale yaletwayo na mbung'o. Zao la kuleta fedha lilikuwa dogo, na kodi ilidaiwa. Vijana wakaandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Wengine hawakurudi, ndiyo maana vizazi vya Waha vipo pwani hadi leo.

Watu walioingia

Baadaye nchi hiyo hiyo ikawa kimbilio. Warundi walivuka mpaka mwaka 1972, na tena 1993 baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa kwa Wakongo waliokimbia vita. Mwaka 2015 Warundi waliingia tena, na kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya. Kiha na Kirundi vinasikilizana, hivyo mgeni hakuhitaji mkalimani ili aombe maji. Hata hivyo mzigo ulikuwa mzito: kuni, mashamba na visima viligombaniwa baina ya wenyeji na wageni.

Basi anayemkuta Muha sokoni au kazini asimdhanie mtu wa kambini wala mgeni wa nchi. Kwao ndiko wengine walikokwenda kuomba hifadhi, wakapokewa na watu ambao nao walikuwa na kidogo.