Ubao wa Kuteleza Mawimbini: Uchaguzi wa Anayeanza

Ubao wa kuteleza mawimbini ni chombo chepesi, kirefu na bapa. Mtelezaji hukilalia kifudifudi, hupiga maji kwa mikono hadi wimbi limchukue, kisha husimama na kuteremka nalo kuelekea ufukweni. Mchezo huu una asili ya visiwa vya Polinesia, hasa Hawaii, ambako mbao zilichongwa kwa miti kama koa na wiliwili. Uliingia katika Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Kosa la kawaida la mgeni ni kununua ubao mdogo uliochongoka, kwa sababu ndio aliouona chini ya miguu ya mabingwa.

Kipimo cha kutazamwa kwanza ni ujazo, ambao watengenezaji wengi huuandika kwa lita juu ya ubao wenyewe, pamoja na urefu, upana na unene. Kanuni inayotumika sana kwa wanaojifunza ni angalau lita moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa hiyo mtu mzima wa kilo 70 hutafuta ubao wa lita 70 hadi 90. Bingwa mwenye uzito huohuo anaweza kutumia ubao usiofika lita 30, ambao akiulalia huzama chini yake. Bingwa huyo ana mabega yaliyozoea kazi na jicho linalojua wimbi litavunjikia wapi. Mgeni hana hata kimoja.

Sababu ya kanuni hiyo ni kasi. Wimbi halimsubiri mtu, na ubao usiokaribia mwendo wake huachwa nyuma. Ubao unaoelea vizuri hukutana na ukinzani mdogo wa maji, hushika kasi bila kumchosha mwenye kupiga mikono, na huchukuliwa mapema, mteremko wa wimbi ukiwa bado wa taratibu. Hapo mtu hupata nafasi ya kuinuka. Ubao mdogo hudai wimbi lililokwisha kusimama wima, na anayeanza hutupwa kabla hajaweka miguu. Ni kweli kwamba ubao mkubwa ni mgumu kugeuza na huchosha kuubeba siku ya upepo, lakini asiyeweza kusimama hana haja ya kugeuza.

Mwandishi wa riwaya za upelelezi Agatha Christie alizijua mbao za aina zote mbili. Mwaka 1922, akiwa katika ziara ndefu na mumewe, aliteleza Muizenberg, karibu na Cape Town, kwa ubao mfupi na mwembamba, akiwa amelala. Baadaye mwaka huohuo alifika Honolulu, Hawaii, akakuta mbao kubwa na nzito za ufukwe wa Waikiki, na huko ndiko alikojifunza kusimama.

Kwa mtu mzima, urefu unaofaa ni futi 7 hadi 9, upana wa inchi 21 hadi 23, na unene wa karibu inchi 3. Upana huzuia ubao kuyumba kushoto na kulia. Omo, yaani ncha ya mbele, liwe pana na la mviringo, lililonyanyuka kidogo tu: likinyanyuka mno husukuma maji na kupunguza kasi, likilala kabisa huchoma maji na kumrusha mtu mbele. Kwenye tezi, yaani upande wa nyuma, hufungwa mapezi, ambayo huzuia ubao kuteleza ubavuubavu. Tom Blake, Mmarekani, aliweka pezi la kwanza mwaka 1935. Mtindo wa mapezi matatu uliosambaa duniani ni wa Mwaustralia Simon Anderson, aliyeshinda nao mashindano ya Bells Beach mwaka 1981. Anayeanza hana sababu ya kuumiza kichwa juu ya idadi yake. La muhimu kwake ni yawe ya plastiki laini.

Kuhusu malighafi, mbao ngumu huwa na kiini cha povu la plastiki kilichofunikwa kwa faibaglasi. Ni nzuri, na zinapompiga mtu kichwani humpasua. Ubao laini, ambao sehemu yake ya juu ni sponji, ndio unaotumika katika shule nyingi za mchezo huu. Hudumu miaka michache tu, hasa ukiachwa juani, lakini kwa mwaka wa kwanza hakuna chaguo bora. Uwe na kamba ya mguuni yenye urefu usiopungua ule wa ubao, ili usimtoroke mwenyewe na kuwagonga wengine.

Mahali nako huamua. Sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania imezungukwa na miamba ya matumbawe. Mawimbi huvunjikia mbali, juu ya mwamba, na maji ya ndani hubaki matulivu. Ndiyo maana fukwe za Diani, Kenya, na Paje, Zanzibar, zimejulikana zaidi kwa kuteleza kwa tiara. Mwamba si mahali pa kujifunzia, hata msimu wa kusi unapoleta mawimbi ya kuvutia. Ufukwe wa mchanga wenye mawimbi ya taratibu, kama Muizenberg, unafaa zaidi.

Anayenunua ubao uliotumika aukague kingo na maungio ya mapezi, kwani ufa mdogo hupitisha maji hadi kwenye kiini. Ubao mzito kuliko unavyoonekana, au unaobonyea ukikandamizwa kwa kidole gumba penye faibaglasi, usinunuliwe kwa bei yoyote. Bora zaidi ni kukodi mbao za vipimo tofauti kwanza. Ubao mfupi usubiri mpaka mtu aweze kulipata wimbi ambalo halijavunjika na kugeuka kulia na kushoto bila kuanguka.