Gari la Stima Si Jambo Geni: Lilishindwa Wapi?

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, watu huniuliza kila mara kama wakati umefika wa kununua gari la stima au lile la haibridi. Wengi huanza kwa kusema "hii teknolojia mpya". Mimi huwajibu kwamba si mpya hata kidogo, na kwamba ukitaka kujua kama litakufaa, anza na namna lilivyoshindwa mara ya kwanza. Basi leo tuingie kwenye historia kidogo.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo ingeweza kuchajiwa tena na tena. Jamaa yake bado yumo ndani ya kila matatu. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Gustave Trouvé, aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa stima mjini Paris. Na gari la kwanza la barabarani kuvuka kilomita 100 kwa saa, lile la Mbelgiji Camille Jenatzy mwaka 1899, lilikuwa la stima!

Huko Marekani, hesabu ya mwaka 1900 ilionyesha magari 4,192 yaliyotengenezwa. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya stima 1,575, na ya petroli 936 tu. Naam, petroli ilishika mkia. La petroli lilinuka, lilipiga kelele, na kuliwasha ulizungusha hendeli ambayo ikirudi nyuma ingeweza kukuvunja mkono. La mvuke lilikungojesha maji yachemke. La stima ulipanda, ukaenda.

Sasa kilichoharibu mambo ni nini? Kwanza ni uzito. Tuhesabu kwa uniti, zile zile unazonunua kwa tokeni. Kilo moja ya petroli ina nishati ya uniti 12 hivi. Kuweka uniti moja tu kwenye betri ya risasi kulihitaji kilo 25 au zaidi. Hata ukikumbuka kwamba injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto, pengo bado ni kubwa mno. Teksi za stima zilizoanza London mwaka 1897 zilikuwa nzito, zikala matairi yake, na mtikisiko wa barabara ukaziharibu betri. Kufikia 1899 zilikuwa zimeondolewa.

Pili ni mahali pa kuchaji. Petroli unaweza kuitia kwenye debe ukaiuza dukani kijijini. Stima inahitaji nguzo na waya, na hata katikati ya miaka ya 1930 ni shamba moja tu kati ya kumi huko Marekani lililokuwa na stima.

Tatu ni bei. Ford Model T ilitoka mwaka 1908 kwa dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 ilikuwa chini ya dola 300. Halafu mwaka 1912 Cadillac ikatoka na stata ya stima, hendeli ikaanza kusahaulika. Yaani mota ndogo ya stima ndani ya gari la petroli ndiyo iliyosaidia kulizika gari la stima.

Na haibridi je? Ferdinand Porsche aliitengeneza mwaka 1900. Injini za petroli zilizungusha jenereta, nayo ikalisha mota zilizokuwa ndani ya magurudumu. Shida yake ni ile ile mafundi wetu wanayoilalamikia leo, kwamba mitambo miwili katika gari moja ni uzito zaidi na gharama zaidi.

Lakini hakuna aliyesema stima ilishindwa kila mahali. Huko Hartford, Marekani, watu waliuziwa malori bila betri. Betri ilibaki mali ya kampuni ya stima, mwenye lori akalipia umbali aliosafiri, na betri ikiisha akabadilishiwa. Mpango huo ulidumu hadi 1924. Uingereza nako magari ya stima yaligawa maziwa alfajiri kwa miongo mingi. Njia yake ilijulikana, safari ilikuwa fupi, na usiku gari lililala penye chaja.

Hilo ndilo funzo ninalolichukua. Usiulize kwanza betri inakwenda kilomita ngapi. Uliza gari litalala wapi, na betri ikifa hasara ni ya nani.

Betri ya lithiamu, iliyoanza kuuzwa na Sony mwaka 1991, imepunguza shida ya uzito, kwani uniti moja sasa yaweza kubebwa na kilo 6 au 7 hivi. Stima ya Kenya nayo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Bodaboda za stima zinazobadilisha betri vituoni zinafanana sana na mpango wa Hartford. Hata hivyo mwenye pikipiki ajue kwamba asiye na betri hufungwa na mwenye betri. Kampuni ya Better Place ilipofilisika mwaka 2013 huko Israel, wenye magari walipoteza vituo vyao vya kubadilishia.

Kwa gari la mtumba, sheria yetu huruhusu hadi miaka 8, na huo ni umri mkubwa kwa betri. Kabla hujalipa, mwambie fundi achomeke kifaa cha kusomea kompyuta ya gari akuonyeshe hali ya betri. Nissan Leaf za mwanzo zina vijistari 12 kwenye dashibodi, basi vihesabu mwenyewe. Haibridi ya kawaida haihitaji chaja, na faida yake huonekana kwenye msongamano, ambapo kila ukipiga breki nishati fulani hurudi kwenye betri. Ukienda Mombasa kwa mwendo mmoja, faida hiyo hupungua.

Kama unaishi kwenye fleti ya kupanga na gari hulala kando ya barabara, mimi ningengoja. Kama una ploti yako na soketi ukutani, na safari yako ni ya kazini na kurudi, sioni cha kukuzuia. Wewe waonaje?