Usalama wa aina na ukaguzi wakati wa uendeshaji

Usalama wa aina ni sifa ya lugha ya programu inayozuia data ya aina moja kutumiwa kana kwamba ni ya aina nyingine, kwa mfano kujumlisha jina na tarehe. Ukaguzi wakati wa uendeshaji ni uhakiki unaofanyika programu ikiwa tayari inafanya kazi. Mambo haya mawili mara nyingi hulinganishwa, lakini moja haliwezi kuchukua nafasi ya lingine.

Ukaguzi kabla ya uendeshaji

Katika lugha kama Java, Haskell na Rust, aina za data hukaguliwa na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo. Msimbo wenye kosa la aina hukataliwa kabla haujamfikia mtumiaji. Msingi wa kinadharia wa mbinu hii uliendelezwa na Robin Milner wa Uingereza, aliyebuni lugha ya ML, katika makala yake ya mwaka 1978.

Kuwa na aina hakutoshi kuifanya lugha iwe salama. Lugha ya C ina aina, lakini programu ikisoma nafasi ya 11 katika orodha yenye nafasi 10, C haiizuii. Java huizuia, na hufanya hivyo wakati wa uendeshaji. Kwa hiyo usalama wa aina wa Java wenyewe hutegemea kwa sehemu ukaguzi wa wakati huo.

Ukaguzi wakati wa uendeshaji

Python na JavaScript hukagua aina programu inapoendeshwa. Katika Python, kujumlisha neno "5" na namba 3 husimamisha programu na kutoa ujumbe wa kosa. Katika JavaScript, jambo hilohilo hutoa neno "53" bila onyo lolote. Kosa la namna hii huweza kukaa muda mrefu bila kugunduliwa, hasa katika sehemu ya programu inayotumiwa mara chache.

Ili kupunguza tatizo hilo, Microsoft ilitoa TypeScript mwaka 2012, inayoongeza aina juu ya JavaScript. Python iliweka utaratibu rasmi wa kuandika aina katika toleo la 3.5 la mwaka 2015. Hata hivyo, aina za TypeScript huondolewa msimbo unapotafsiriwa kuwa JavaScript, hivyo hazikagui data inayoingia baadaye.

Mfano: takwimu za afya Tanzania

Nchini Tanzania takwimu za MTUHA kutoka vituo vya afya, vikiwemo vya eneo la Haydom katika mkoa wa Manyara, hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2. Mfumo huu husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na sehemu yake ya seva imeandikwa kwa Java.

Kompaila ya Java iliikagua programu hiyo kabla haijasambazwa, lakini haiwezi kujua mhudumu wa Haydom ataandika nini kwenye fomu ya mwezi. Katika hifadhidata ya DHIS2, thamani za fomu huwekwa kama maandishi. Wasimamizi wa mfumo ndio wanaoamua kama kisanduku fulani kinapokea namba nzima, tarehe au asilimia, na sharti hilo hukaguliwa data inapoingizwa.

Hata namba halali huweza kuwa na kosa. Fomu ikionyesha watu 40 waliopimwa malaria na 45 waliokutwa nayo, zote mbili ni namba nzima, na aina haina la kulalamikia. Kinachoweza kuligundua kosa hilo ni kanuni ya uhakiki inayolinganisha visanduku viwili. Bila kanuni hiyo, idadi isiyo sahihi huweza kutumika kupanga mgawo wa dawa.

Mipaka

Ukaguzi pia hausaidii ikiwa hakuna aliyepanga la kufanya kosa linapogunduliwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliharibika sekunde chache baada ya kuruka kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Programu yake iliandikwa kwa Ada, lugha inayosifika kwa ukali wa aina. Namba ya biti 64 ilikuwa kubwa mno kuingia katika nafasi ya biti 16. Kosa liligunduliwa wakati wa uendeshaji, lakini ubadilishaji huo haukuwa umewekewa kinga, na kompyuta za uelekezaji zikazimika.

Kwa sababu hiyo, mifumo mingi hutumia njia zote mbili: aina hulinda kilichoandikwa na mtengenezaji wa programu, na ukaguzi wakati wa uendeshaji hulinda kinachotoka nje yake.